Mtutu, mradi au mwalo: ukitaka jirani atulie uchague ipi

Mpwa wangu anasoma chuo hapa hapa Mwanza, juzi kati kanipigia saa nne usiku, "shikamoo mjomba, samahani nimekuamsha", moja kwa moja nikajua hela. Kumbe hela ilikuwa ajenda ya pili. Ya kwanza ni mdahalo, wamepewa hoja kwamba nchi zikineemeka siasa kali zinapoa na ugomvi na majirani unapungua, yeye kapangwa upande wa kuunga mkono, na silaha yake kubwa aliyokuwa nayo ni "mtu akishiba hagombani". Nikamwambia mwanangu ukisimama na hiyo utazomewa, hata hapa Kirumba wanaogombana sana ni walioshiba, mwenye njaa yuko bize anatafuta chakula.

Tukaongea mpaka salio lake likakata nikapiga mimi. Nimeona niandike nilichomwambia na nilichokumbuka baadaye nikiwa nimejilaza, maana swali lenyewe si la darasani tu, kila anayepiga kura analo: hela yetu iwekwe kwenye nini ili tulale salama na wa ng'ambo ya ziwa naye alale.

Mi nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la hapa Kirumba, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwahiyo njia zenyewe nimezipa majina ya huku. Ziko tatu.

Mtutu ni jeshi, doria, kufunga mpaka, vikwazo, kuchoma mali ya mwenzio mpakani, yaani chochote kinachomwambia jirani ukisogea nakuumiza. Mradi ni hela nene ya juu, bomba, gesi, mgodi, shirika la ndege la pamoja, vile vitu wanavyosaini wakubwa na sisi tunaviona kwenye taarifa ya habari saa mbili. Mwalo wenyewe ni pale mitumbwi inaposhushia samaki, ila hapa namaanisha hela inayopita mikono mingi midogo midogo na kila mkono unabaki na kitu.

Hii ya tatu nieleze kidogo kwa wasioijua. Gunia moja la dagaa mpaka litoke hapa Kirumba limeshalisha nani? Kuna mwenye mtumbwi na vijana wake waliokesha ziwani na taa, zamani karabai siku hizi sola, kuna mama wa kisiwani huko Ukerewe au Goziba aliyeanika akashinda juani anageuza na kufukuza ndege, kuna boti iliyoleta, kuli aliyebeba begani, mtu wa ushuru, mtu wa mizani, mshona magunia, mama ntilie aliyempikia yule kuli, dereva na tingo wake, kijana wa makaratasi mpakani, halafu ndo mnunuzi ambaye anaweza kuwa Mrundi, Mnyarwanda, Mkongo, Mkenya au Mganda, naye ana watu wake huko kwao wanaosubiri wapime kwa kopo. Gunia moja tu hilo. Wote hao siku mpaka ukifungwa wanajua kabla ya mbunge wao kujua.

Sasa tuziweke pembeni kwa pembeni.

Makaa yale yale, njia mbili

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni makaa ya mawe ya Ruhr, Ujerumani ya magharibi, kwa sababu ni kitu kilekile kimejaribiwa kwa mtutu na kikajaribiwa kwa kugawana, na majibu yake yapo.

Baada ya vita ya kwanza Ujerumani ikashindwa, mwaka 1921 ikapigiwa bili ya fidia, marka za dhahabu bilioni 132. Hela ya namna hiyo hailipiki vizuri, wakachelewesha makaa na nguzo za mbao walizotakiwa kupeleka Ufaransa, basi Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji wakaingiza majeshi Ruhr kwenda kuchukua wenyewe. Wafanyakazi wakagoma, serikali ya Ujerumani ikawa inachapa noti kuwalipa waliogoma, noti zikageuka takataka, kufika Novemba 1923 dola moja ilikuwa marka trilioni 4 na ushee, mkate mmoja marka bilioni 200. Mwezi huohuo Novemba kule Munich bwana mmoja anaitwa Hitler akajaribu kupindua serikali akakamatwa.

Hapo mpwa wangu akasema si unaona mjomba, umaskini. Nikamwambia subiri. Mwaka 1924 bili ikapangwa upya, mikopo ya Marekani ikaingia, maisha yakapoa, watu wakarudi kazini, na uchaguzi wa 1928 chama cha Hitler kikapata asilimia 2.6. Mbili nukta sita! Walikuwa wanachekwa. Kisha 1929 soko la hisa New York likaanguka, Wamarekani wakavuta mikopo yao, viwanda vikafungwa, 1930 chama kilekile kikapata asilimia 18, na Julai 1932 wakati wasio na kazi wamefika kama milioni 6 kikapata asilimia 37. Nchi ileile, hotuba zilezile, kilichobadilika ni mifuko.

Ila hapa ndo pa kusimama, wengi wanapapita mbio. Waliompa Hitler kura kwa wingi siyo wale wasio na kazi, wasio na kazi wengi walienda kwa wakomunisti. Waliomjaza ni wenye viduka, mafundi waliojiajiri, wakulima wenye vishamba vyao, watu waliokuwa na kitu na wakakiona kinatoka. Mtu aliyezaliwa chini chini pale anapajua. Anayeshuka ndo anauliza nani kanishusha, na akitokea mtu wa kumwonyesha kidole yule pale, anaenda.

Hii nimeiona kwa macho. Kuna kijana alikuwa na mtumbwi wake mmoja na injini ya kununua kwa jasho, siasa hajui, mikutano haendi, ukimuuliza habari za Waganda na Wakenya anakwambia ni wateja tu. Usiku mmoja maharamia wakamvamia majini wakachukua injini na nyavu, wakamwacha anapiga kasia mpaka asubuhi. Miezi miwili baadaye nilimkuta kijiweni anaongea mate yanamtoka, kwamba watu wa ng'ambo wafukuzwe wote, mitumbwi yao ichomwe, na aliyemvamia hata lugha yake hakuisikia vizuri maana walikuwa wameziba nyuso. Deni la injini alikuwa bado analilipa.

Sasa rudi Ruhr. Vita ya pili imeisha, Ujerumani imeanguka mara ya pili, na kishawishi cha kuibana tena kilikuwepo, wapo waliotaka ibaki nchi ya kulima tu. Badala yake kuanzia 1948 Marekani ikamwaga kama dola bilioni 13 Ulaya ya magharibi, Ujerumani Magharibi nayo ikiwemo, na tarehe 9 Mei 1950 waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Robert Schuman, akasema makaa na chuma cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. 1951 nchi sita zikasaini: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Hawa Ufaransa na Ujerumani walishapigana 1870, 1914 na 1939, mtu mmoja akijaliwa umri alikuwa anaweza kuziona zote tatu. Tangu wasaini mpaka leo ugomvi wao ni wa bei ya maziwa na nani kachangia kidogo.

Lakini tusidanganyane, nyuma ya makaa hayo askari wa Marekani walikuwa wamejazana Ujerumani na hawajaondoka wote mpaka kesho. Mwalo ulijengwa na mlinzi yupo getini. Nikamwambia mpwa wangu hili aliseme mwenyewe kabla hajasemewa.

Na lingine atakalosemewa ni 1914. Kabla ya ile vita Uingereza na Ujerumani walikuwa wateja wakubwa wa kila mmoja, meli zinaingia na kutoka, na wakauana miaka minne. Kwahiyo kuuziana peke yake hakutoshi. Ukiangalia vizuri Ulaya ya 1914 walikuwa wanauziana lakini hakuna meza ya kukaa, hakuna sheria ya pamoja ya kusema wewe umekosea lipa, kila mmoja anamhesabia mwenzie meli za vita. Mwalo bila kamati ya mwalo ni gulio tu.

Mtutu: unafanya kazi, ila bei yake

Sitaki mtu aje aseme mi ni wa kubembeleza. Kuna mahali mtutu ndo jibu na hamna lingine.

Idi Amin mwaka 1972 aliwafukuza Waasia Uganda, akawapa siku 90, maduka na viwanda akawagawia askari na marafiki, uchumi ukafa. Kufika 1978 nchi haina sukari, jeshi lenyewe linaasiana, na Oktoba hiyo majeshi yake yakavuka Mutukula, akatangaza Kagera mpaka mtoni ni yake. Huyu ungempa biashara gani? Mwalo haumzuii mtu aliyeshachoma mwalo wake mwenyewe. Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Sawa, tulishinda. Ila ukitaka kujua bei ya mtutu kaa na mzee yeyote wa Kanda ya Ziwa aliyekuwa mtu mzima wakati ule. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, baba yangu alikuwa anacheka akisema mkanda ulifungwa na tundu la kurudishia hatukuliona. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, kanga za kugawana, mtu anavuka ziwa usiku kwenda kutafuta dawa ya meno ya magendo kama anaenda kuiba. Hiyo ni baada ya kushinda.

Na mtutu mdogo mdogo wa kufunga mpaka nao una bei, sema inalipwa na wasiogombana. Mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, ukakaa umefungwa mpaka 1983. Rwanda na Uganda walivyokorofishana, mpaka wao wa Gatuna ulifungwa tangu Februari 2019 mpaka mwisho wa Januari 2022, karibu miaka mitatu, na aliyeumia ni mama wa Kabale mwenye mafungu ya viazi na wa ng'ambo aliyekuwa anavisubiri. Wakubwa waliendelea kula viazi.

Kwenye siasa kali za ndani ndo mtutu unaharibu zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo, UNDP, mwaka 2017 lilitoa utafiti, walihoji vijana wa Afrika waliojiunga wenyewe na vikundi vya kigaidi, wakawauliza nini hasa kilikusukuma siku ile ya mwisho. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, ndugu kauawa, rafiki kakamatwa. Wengi walikuwa wametoka maeneo ya pembezoni, maskini, yaliyosahaulika, ila umaskini ulikuwa kuni na kitendo kile ndo kiberiti. Walipohoji tena na kutoa ripoti ya 2023 robo walitaja kazi kama sababu kuu, yaani kikundi kilikuwa ajira. Sasa weka majibu hayo mawili pamoja uniambie, kijana hana kazi, halafu unamkamatia kaka yake.

Mradi: hapa ndo watu wanapigwa

Hii ndo inayopendeza machoni, na ndo inanitia wasiwasi kuliko hata mtutu, maana mtutu unajua ni mtutu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile ya 1967, ilikuwa na reli moja, bandari, posta, ndege za pamoja, watu wanaitaja kwa huzuni mpaka leo. Lakini ilikuwa mali ya juu. Tanzania na Uganda zikaona Kenya ndo inanenepa, wakubwa hawakai meza moja, Nyerere hakai na Amin, na 1977 ikavunjika, kila mtu akashika kilichokuwa upande wake, ndege, mabehewa, meli. Mwaka uliofuata nchi mbili kati ya zile tatu zikawa vitani. Neema ilikuwepo, ila haikuwa na miguu mingi ya kusimamia, ukikata mitatu imedondoka.

Ulaya nao pamoja na ujanja wao wa makaa waliingia mtego huohuo. Ujerumani ilikuwa inanunua Urusi zaidi ya nusu ya gesi yake, bomba la chini ya bahari likafunguliwa 2011, la pili likakamilika 2021, na hoja ilikuwa hiihii ya mpwa wangu, tukifungamana kibiashara hatutapigana. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine yote. Bomba lina koki moja na anayeshika koki ni mtu mmoja, Mrusi wa kawaida wa Siberia hakuwa na cha kupoteza bomba likifungwa, au kama alikuwa nacho hakuulizwa.

Halafu kuna hapa chini ya pua yetu, Cabo Delgado, Msumbiji, ukivuka Ruvuma tu. Gesi iligunduliwa nyingi ajabu, mradi wa mabilioni ya dola, wageni, uzio, ndege. Vijana wa pwani ile wakaona wavuvi wanahamishwa na kazi zinakwenda kwa wengine, na Oktoba 2017 vurugu zikaanza Mocímboa da Praia, Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa na mradi ukasimama. Sisemi gesi ndo ilileta ugaidi, kulikuwa na mahubiri na kulikuwa na dhuluma ya zamani. Nasema neema ilikuja ikapita juu ya vichwa vya watu na haikumtuliza hata mmoja.

Kenya nayo 2007 uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7, mwaka mzuri kabisa kwenye makaratasi, mwisho wa mwaka uchaguzi, na ndani ya wiki chache zaidi ya watu elfu moja wamekufa, Kisumu madukani moto, malori ya mafuta ya Uganda na Rwanda yamekwama barabarani. Asilimia 7 ni ya nani? Ndo swali la kuuliza kila ukisikia uchumi umekua.

Kwahiyo bomba la mafuta linalotoka Hoima kwenda Tanga, kilomita 1,443, linaingia kwetu kupitia Kagera, upande uleule aliopitia Amin. Litazifunga serikali mbili zisigombane ovyo, hilo nakubali, na ni jambo kubwa ukikumbuka 1978. Ila mimi nisingeliweka kwenye hesabu ya amani ya mtu wa Missenyi, wilaya ya mpakani huko Kagera, mpaka nione nini kinabaki Missenyi.

Mwalo unavyotuliza, polepole na kwa makelele

Wanaopinga watakwambia mbona Afrika Mashariki tunagombana kila siku. Ndiyo, tunagombana. 2017 Tanzania ilikamata ng'ombe wa Kenya zaidi ya 1,300 ikawapiga mnada, na Namanga vifaranga 6,400 vikachomwa moto, Wakenya wakakasirika, na mi mwenyewe roho iliniuma vile vifaranga. 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu, Rais Samia akaenda Nairobi Mei, mambo yakalegea. Ni kelele, ila angalia tunagombania nini. Kutoka vifaru vya 1978 mpaka vifaranga vya 2017, mi nitachukua vifaranga.

Mfano mzuri kabisa uko humuhumu ziwani, Migingo, kisiwa wanachogombania Kenya na Uganda. Kijiwe cha ukubwa chini ya uwanja wa mpira, mabati yamepandana, wakazi wengi Wakenya, na sangara wa maana wako upande wa maji ya Uganda, kwa sababu Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili, sisi tuna nusu hivi na Uganda ndo inayobaki. Mwaka 2009 iliwaka kweli, polisi wa Uganda wako pale wanatoza, wabunge Nairobi wanataka jeshi, vijana wa Kibera wakang'oa reli inayokwenda Uganda. Kila sababu ya vita ilikuwepo, nchi nyingine zimepigana kwa mawe madogo kuliko hilo. Hawakupigana. Mzigo wa Uganda unapita Mombasa, na wakati huo Uganda ndo ilikuwa inanunua bidhaa za Kenya kuliko nchi yoyote, kiwandani Nairobi, dereva wa Malaba, mwenye duka Kampala, wote walikuwa na kitu cha kupoteza asubuhi inayofuata. Wakaishia polisi wa pande zote mbili kukaa kwenye jiwe lilelile wanaangaliana. Mpaka wenyewe haujamalizwa vizuri mpaka leo, na samaki wanavuliwa.

Cha kingine, mwalo unakulazimisha kujali ujinga wa jirani. Machi 1999 Ulaya ilifunga soko la samaki wa ziwa hili lote baada ya habari za watu kuvua kwa sumu, nchi zote tatu zikafungiwa, viwanda vya minofu hapa Mwanza vikapunguza watu. Ikabidi Jinja, Kisumu na Mwanza wakae wapange kanuni zinazofanana za usafi na ukaguzi, maana mmoja akichafua wote mnalala njaa. Hakuna mhubiri wa amani aliyeweza hivyo.

Ila mwalo una ubovu wake na sitaficha. Ni wa polepole, unachukua miaka kuota na siku moja kukatwa. Na kuandikishwa kwenye jumuiya si mwalo. Rwanda iko Jumuiya tangu 2007, Kongo tangu 2022, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Goma, mashariki mwa Kongo, Februari Bukavu, na Kongo inasema Rwanda iko nyuma yao.

Hiyo ilinikuta. Nina mteja wangu wa Goma, mama mmoja mtu mzima, tunajuana miaka sita, akifika anaita "papa" mpaka kuli wanamcheka, anapitisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko kutafuta mchanga chini, ananusa, ndo anaanza "papa unipunguzie, njia iko mubaya". Mwezi ule nilimpa magunia thelathini, nusu kalipa nusu mkopo, lori limeshapita Rusumo ndo habari zinaingia. Simu haipokelewi. Siku ya tatu simu haiiti kabisa. Wenzangu pale Mwaloni wakaanza kuniambia hiyo hela isahau, na mmoja akasema hawa Wakongo ndo zao, nikamkatalia lakini si kwa nguvu, nakiri. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta wa kumlaumu, na mimi si mkali wa siasa, ni muuza dagaa mwenye deni benki. Nikamkumbuka yule kijana wa injini.

Baadaye nikaja kujua benki za Goma zimefungwa, hata mwenye hela hana pa kuitoa. Juni 2025 Kongo na Rwanda wakasaini makubaliano Washington na ndani yake wakaweka mpango wa uchumi wa pamoja, madini na nini, yaani wanajaribu dawa ileile ya Ruhr. Mi naangalia kitu kimoja tu humo, kama madini yatakuwa mradi au yatakuwa mwalo. Kati ya Goma na Gisenyi, upande wa Rwanda, kulikuwa na maelfu ya akina mama wanavuka kila siku kwa miguu na beseni la nyanya kichwani, na kabla ya vita hao walikuwa wanafanya kazi ya ubalozi bila mshahara. Makubaliano yakiwarudishia hao beseni nitaamini.

Sasa uchague ipi

Nilimwambia mpwa wangu hivi. Kama jirani ameshavuka mpaka na bunduki, chagua mtutu, ufanye haraka, na ujiandae kulipa miaka. Kama jirani bado ana mengi ya kupoteza, mtutu ni kumharibia sababu za kutulia. Mradi ukubali ukiwa na sharti, uliza nani ameshika koki na watu wa pale unapopita wanabaki na nini kinachoshikika, ajira, maji, barabara ya kupitisha ndizi, isiwe bango. Hela ikibaki moja na huna uhakika, weka mwaloni, jenga soko la mpakani lenye choo na taa na stoo ya baridi, punguza makaratasi ya yule mama wa beseni, mkopeshe kijana injini na umwekee doria ya kweli ya maharamia, maana akishaipoteza hutamrudisha kwa semina.

Na akiulizwa kuhusu matajiri wenye siasa kali, maana Osama alitoka familia ya mabilioni, ajibu kwamba yuko sahihi muulizaji, kichwa cha ukali mara nyingi kimeshiba, ila kichwa kinahitaji miguu. Kazi ya uchumi ni kumnyima miguu.

Akasema asante mjomba, sasa kuna ile hela ya hosteli. Nikamtumia nusu.

Yule mama wa Goma alinipigia mwezi wa nane kwa namba ngeni. Alikuwa ametuma sehemu ya deni kupitia kwa binti ya dada yake aliyeko Kigali, nikaikuta kweli, haijatimia lakini ipo. Hatukuongea vita. Akauliza gunia sasa ni ngapi, nikamtajia, akapiga kelele simu nikaisogeza na sikio, "papa! mbona umepandisha, na mimi niko kwa shida hivi?" Nikamwambia mama, mwezi umekua mkubwa, dagaa hawapatikani, usubiri giza wiki ijayo. Akasema basi uniwekee kumi, na mchanga usiweke.